Je, wajibu wa mwajiri unakomea kwenye kima cha chini, au anadaiwa ujira unaomtosha mfanyakazi kuishi?

Bi Mwenye Nyumba, Jambiani

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Naendesha nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba saba huku Jambiani, niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Nina wafanyakazi sita. Wote nawalipa kwa mujibu wa kima cha chini kilichotangazwa na Serikali kwa sekta binafsi, nawachangia katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, na tangu nishike uendeshaji sijapata kuchelewesha mshahara hata mwezi mmoja. Nayasema haya ili anayenijibu ajue mahali niliposimama, kwa sababu swali langu halimhusu mtu anayeikwepa sheria.

Kabla ya Ramadhani nilikwenda duka la jirani kulipa deni langu la mitungi ya gesi, na mwenye duka akalifungua daftari kwenye ukurasa usiokuwa wangu. Ulikuwa ukurasa wa mama anayetandika vitanda na kufua mashuka kwangu. Sikukusudia kuusoma, lakini macho yalikwisha kuona: mchele kilo moja, sukari robo, mafuta ya kupikia kikombe kimoja, unga wa ngano nusu, na mistari hiyo ikajirudia mwezi baada ya mwezi, kila mara ikianza kati ya tarehe kumi na kumi na tano. Mwisho wa mwezi upo mstari mmoja wa malipo, kisha deni linaanza upya. Nilirudi nyumbani na hesabu nisiyoipenda: mshahara ninaoulipa kwa wakati na kwa mujibu wa sheria unamfikisha mama huyu katikati ya mwezi, na siku zilizobaki analishwa na mwenye duka.

Mama huyu huja saa moja asubuhi na kuondoka saa tisa alasiri, siku sita kwa wiki. Kabla ya kuja kwangu alikuwa akilima mwani, akaacha kwa sababu bei aliyokuwa akipewa haikulipa tabu ya kuinama majini. Mume wake ni mvuvi, na kila mtu wa pwani anajua kwamba kipato cha mvuvi ni cha kubahatisha, hasa kusi inapovuma kwa nguvu.

Nilipomweleza kaka yangu, alinijibu kwa maneno machache: "Ulimwajiri, hukumzaa." Alikuwa na maana kwamba watoto wa mama yule wana baba yao, na kwamba mimi nimenunua kazi, sikujitwisha ulezi. Jibu lake lina mantiki, lakini halikuniondolea uzito. Kwa hiyo nauliza: je, mwajiri ana wajibu wa kweli, usiokuwa hisani, wa kumlipa anayemfanyia kazi kutwa nzima ujira unaomtosha kuishi yeye na wanaomtegemea? Au wajibu wangu umekwisha pale nilipotimiza sheria na makubaliano, na kila kinachozidi hapo ni sadaka ninayoweza kuitoa au kuiacha? Naomba pia msisahau jambo la vitendo. Miezi ya masika, Aprili na Mei, vyumba vyangu hukaa vitupu, na zipo siku ambazo hapana mgeni hata mmoja.

Ofisa Kazi mstaafu, Mjini Unguja

Wa alaykum salaam Bi Mwenye Nyumba. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa masuala ya kazi kwa miaka mingi, na waajiri wengi niliokutana nao waliniuliza ni kiasi gani kidogo kabisa wanachoruhusiwa kulipa. Wewe umeuliza kinyume chake, na swali lako linastahili jibu refu kidogo.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa. Kima cha chini cha mshahara ni mpaka wa kisheria ambao mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake. Hapa kwetu msingi wake ni Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na Serikali hukitangaza baada ya pande zote kusikilizwa, wafanyakazi kupitia shirikisho lao la ZATUC na waajiri kupitia jumuiya yao ya ZANEMA. Katika kukiweka, mambo mawili huvutana: mahitaji ya mfanyakazi na familia yake kwa upande mmoja, na hali ya uchumi na hofu ya kupotea kwa ajira kwa upande wa pili. Mkataba Na. 131 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1970 unayataja yote mawili waziwazi. Kwa hiyo kima cha chini ni pahala ambapo kamba ilisimama baada ya kuvutwa na pande mbili, na hapana dhamana kwamba mahali hapo panatosha kumlisha mtu.

Kitu cha pili ni ujira wa kujikimu, yaani ule unaotosha kuishi, nao huanzia kwenye chungu. Wataalamu wawili, Richard Anker na Martha Anker, waliweka utaratibu wa kuupima ambao sasa unatumika katika nchi nyingi: huhesabiwa gharama ya chakula cha kawaida chenye lishe kwa bei za soko la pahala husika, kodi ya nyumba inayokalika, na mahitaji mengine ya lazima kama skuli, matibabu na nauli, kisha huongezwa kidogo kwa ajili ya dharura, na jumla hugawanywa kwa idadi ya watu wanaofanya kazi katika familia ya kawaida ya mahali hapo. Mwezi Machi 2024 Baraza la Uongozi la Shirika la Kazi Duniani liliidhinisha makubaliano ya wataalamu juu ya maana ya ujira huo, ingawa wazo lenyewe ni la zamani zaidi, kwani utangulizi wa katiba ya shirika hilo ya mwaka 1919 ulikwisha kuutaja ujira unaotosha kuishi.

Je, ni wajibu? Tamko la Haki za Binadamu la Disemba 1948, ibara ya 23, linasema kwamba kila afanyaye kazi ana haki ya malipo ya haki yanayomhakikishia yeye na familia yake maisha yenye heshima ya kibinadamu. Na tusidhani kwamba fikra hiyo ililetwa kwetu na wageni. Miezi michache kabla ya tamko hilo kupitishwa, mwezi wa Agosti 1948, wapagazi wa bandari yetu ya Unguja waligoma kwa sababu ujira wao haukulingana tena na bei za vitu, na mgomo wao ukaenea mji mzima. Katiba ya Jamhuri ya Muungano nayo, katika ibara ya 23, inasema kwamba kila anayefanya kazi anastahili kupata malipo ya haki.

Hata hivyo, ile ibara ya mwaka 1948 ina kipande cha mwisho ambacho wengi hawakisomi: malipo hayo yataongezewa, ikibidi, na njia nyingine za hifadhi ya jamii. Maana yake mzigo hauko juu ya kichwa cha mwajiri peke yake. Elimu bure iliyotangazwa Septemba 1964 ni sehemu ya ujira wa kila mzazi wa Zanzibar, hata kama haiandikwi kwenye hati ya mshahara. Pencheni Jamii iliyoanza Aprili 2016, ikiwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, ilimpunguzia mfanyakazi sehemu ya gharama ya kumtunza mama yake. Serikali inapobeba zaidi, mshahara unabakiwa na vichache vya kubeba.

Lakini turudi kwenye daftari uliloliona, kwa sababu ndilo lililonigusa. Deni lile limeandikwa jina la mama yule, ilhali kwa hakika ni sehemu ya gharama ya kufua mashuka yako. Ili afike kazini tarehe ishirini akiwa na nguvu za kutandika vyumba saba, lazima awe amekula, na chakula hicho kimetolewa na mwenye duka bila ya faida ya mkopo. Biashara yako inakopeshwa na duka la jirani, na dhamana ya mkopo ameiweka mfanyakazi wako kwa jina lake. Sisemi kwamba umekusudia hivyo. Nasema ndivyo hesabu ilivyokaa.

Mkandarasi, Fuoni

Dada yangu, mimi naajiri mafundi na vibarua, na naomba niseme upande ambao hausemwi sana katika mazungumzo haya, ingawa najua hautapendwa.

Nina vijana wawili wanaochanganya zege. Mmoja hajaoa na anakaa kwao Kwarara. Mwengine ana mke na watoto watano. Kazi yao ni moja na jasho lao ni moja. Tukisema ujira ufuate mahitaji, nitawalipa tofauti kwa kazi ileile, na yule asiyeoa atakuwa na haki ya kulalamika. Baya zaidi, siku nitakayotafuta kibarua mpya nitamchagua asiye na watoto, kwa sababu ni nafuu kwangu, na yule aliyekusudiwa kusaidiwa ndiye atakayebaki nje ya geti. Ndiyo maana naona ujira uifuate kazi, na mahitaji ya mtu yafuatwe na zaka, sadaka, ndugu na Serikali.

Jambo la pili ni hili. Anayelipa kidogo amempa mtu kitu, na asiyeajiri kabisa hakumpa mtu chochote, lakini lawama zote zinamwangukia yule wa mwanzo. Matajiri wanaoweka fedha zao kwenye viwanja na kuviacha vikaota majani hawaulizwi kama wametimiza wajibu wa kumlisha mtu. Mimi niliyewachukua watu kumi na wawili naulizwa habari za kodi zao za nyumba. Ujira ukipandishwa kupita uwezo wangu, nitabaki na watu wanane, na wale wanne hawatakuwa na ujira wa kujikimu wala ujira wa aina yoyote.

Na tukumbuke kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoombwa na watu wa Madina awawekee bei vitu vilipopanda, alikataa, akasema kwamba mwenye kupanga bei ni Mwenyezi Mungu. Makubaliano ya watu wawili walioridhiana yana uzito wake, na sioni ni kwa hoja gani mtu wa tatu ayavunje.

Mtandikaji kutoka Micheweni, sasa Kiwengwa

Nimesoma maneno ya wakubwa wangu na naomba radhi kwa kuingilia. Mimi ndiye mama wa kwenye daftari, si yeye hasa, lakini mfano wake. Nimetoka Pemba miaka sita iliyopita, na nimefanya kazi ya vyumba katika hoteli mbili, moja kubwa na moja ndogo.

Nataka kusema jambo moja tu kuhusu hisani, kwa sababu naona linachukuliwa kuwa sawasawa na ujira kama kiasi kitakuwa kile kile. Hoteli ya kwanza mshahara ulikuwa mdogo lakini tajiri alikuwa mtu mwema. Ramadhani alitupa mchele na tende, Sikukuu alitupa vitambaa, na mtoto wa mwenzetu alipougua alitoa gari usiku. Nilimshukuru na namwombea mpaka leo. Lakini mchele ule nisingeweza kumpelekea mwenye nyumba niliyopanga ukawa kodi, na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hisani huja kwa wakati autakao mtoaji, ilhali kodi, nauli ya boti ya kwenda kumwona mama na daftari la skuli vina tarehe zake. Bahashishi za wageni ni vilevile. Mwezi mmoja unapata, mwezi mwengine mgeni anaondoka alfajiri hata hukumwona uso.

Lipo na jambo jengine linalonikaa rohoni. Kila nilipokwenda kuomba mshahara wa mbele, ilinibidi nieleze shida zangu: nani anaumwa, nini kimeharibika, kwa nini fedha hazikutosha. Nilikuwa nimefanya kazi mwezi mzima bila ya kosa, na bado nikasimama mlangoni nikieleza siri za nyumba yangu ili nipewe sehemu ya kile nilichokwisha kukifanyia kazi. Mshahara unaotosha ungeliniachia siri zangu.

Kuhusu mafundi wawili wa kaka yangu Mkandarasi: yule asiyeoa leo naye anataka kuoa. Akilipwa kiasi cha kumtosha kijana anayekula kwao, ataoa kwa fedha gani?

Mwalimu wa chuo, Malindi

Namshukuru Mkandarasi kwa kuitaja hadithi hiyo ambayo ni sahihi, imepokewa kwa Anas bin Malik, na ni haki yake kuitegemea. Ila wanavyuoni wameieleza kwamba bei zile zilipanda kwa uchache wa bidhaa bila ya mtu kumdhulumu mwenzake, na Ibn Taymiyya ameandika kwamba pale ambapo watu wana haja na upande mmoja una nguvu ya kuubana mwengine, mtawala anaweza kuwalazimisha wote wawili ujira wa mfano, yaani ule unaolipwa kazi kama ile kwa uadilifu, ili mwenye kazi asimpunje mfanyakazi wala mfanyakazi asimbane mwenye kazi.

Juu ya kuridhiana, ni kweli kwamba mkataba wa ijara, yaani wa kukodi kazi ya mtu, husimama juu ya ridhaa na juu ya ujira unaojulikana. Lakini yafaa tutazame ridhaa ya mtu aliyebanwa na njaa ina sura gani. Katika Surat al-Qasas, Nabii Musa alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana kitu, na dua yake chini ya kivuli ilikuwa kumwambia Mola wake kwamba ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Mtu katika hali ile angelikubali sharti lolote. Yule mzee wa Madyan aliyemwajiri aliujua unyonge wake, na pamoja na hayo akampangia miaka minane, akaiacha miwili ya ziada kwenye hiari yake, kisha akamwambia kwamba hataki kumtaabisha. Mwenye nguvu ndiye aliyejiwekea mpaka, kabla ya mnyonge kuomba. Mimi naiona hapo adabu ya kuajiri.

Ipo na hadithi ya Abu Dharr, katika Bukhari na Muslim, inayosema kwamba wale walio chini ya mikono yenu ni ndugu zenu, basi mwenye ndugu yake chini ya mkono wake amlishe anachokula na amvishe anachovaa, na asimtwishe kazi inayomshinda. Maneno haya yalisemwa kuhusu watumwa. Sisi tunaishi katika mji ambao soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na tunajivunia, na ni haki tujivunie, kwamba hapana tena mtu anayemilikiwa. Lakini aliyemmiliki mtu alilazimishwa na sheria ya dini kumlisha na kumvisha, na sisi tunaowakodi watu huru tumejipa ruhusa ya kuuliza kama tunalazimika. Haiwezekani haki ya mtu huru iwe pungufu ya ile.

Kuhusu neno la kaka yako, Bi Mwenye Nyumba: ni kweli hukumzaa. Umeichukua siku yake. Anayelima mwani, anayeuza mihogo barazani, anayesuka ukili, siku yake ni yake. Ikimpungukia, aweza kugeuza akafanya jengine. Uliyemchukua kutoka saa moja mpaka saa tisa, siku sita, umeuchukua mlango aliokuwa akitokea kwenda kutafuta riziki yake. Hapo ndipo wajibu unapozaliwa, kwa maoni yangu, na ndiyo maana haumkuti yule tajiri mwenye viwanja vilivyoota majani, ambaye Mwenyezi Mungu atamuuliza kwa mambo mengine.

Mzee wa Wete

Mwalimu amesema vizuri. Mimi naongeza la dunia.

Mishahara ya zamani ilikuwa midogo na tuliishi. Vijana wetu wanatusikia tukisema hivyo na wanadhani tulikuwa na subira zaidi. Nilikuwa karani hapa Wete, na baba yangu alipata eka tatu baada ya Mapinduzi, kama walivyopata wengi. Muhogo, ndizi na nazi zilitoka shambani, kuni hazikununuliwa, samaki aliletwa na mjomba, nyumba ilikuwa yetu. Mshahara ulikuwa wa nguo, mafuta ya taa, sukari na chumvi. Uliitwa mshahara, lakini aliyetulisha ni shamba. Wakoloni walilijua hilo zamani, na kote Afrika Mashariki walipanga ujira wa mtu mmoja mseja, kwa dhana kwamba mke na watoto wako kijijini wanajilisha wenyewe. Kule Kenya ilibidi kamati ya mishahara ya mwaka 1954, ile iliyoongozwa na Carpenter, iseme waziwazi kwamba ujira uhamishwe kutoka wa mseja kwenda wa familia.

Sasa zile eka tatu zimegawanywa kwa watoto na wajukuu, nyengine zimeuzwa, na pwani kote ambako kulikuwa na minazi pana kuta za mahoteli. Mtandikaji wa Jambiani anauziwa mchele uliosafiri baharini, muhogo wa sokoni na maji ya kulipia. Shamba limeondoka chini ya mshahara, na mshahara umeachwa ulivyo. Ndiyo maana naona kwamba wanaosema "zamani tulilipwa kidogo zaidi" wanapima kitu na kivuli chake.

Nimewachumisha watu karafuu tangu baba yangu yuko hai. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Msimu mkubwa wachumaji huadimika na bei ya pishi hupanda. Msimu mdogo watu ni wengi kuliko matawi, na bei hushuka, ingawa mkarafuu haukuwa mfupi na mguu haukuwa salama zaidi juu ya tawi. Tumbo la mchumaji ni lilelile misimu yote miwili. Baba yangu alikuwa na kawaida ya kuwapikia wachumaji wake kambini, uwe msimu mkubwa au mdogo, na hakuikata katika pishi. Nilipokuwa kijana nilimwambia kwamba jirani zake hawafanyi hivyo. Alinijibu kwamba mtu akianguka mkarafuu kwa kizunguzungu cha njaa, atakuwa ameanguka shambani kwake, si kwa jirani.

Ofisa Kazi mstaafu, Mjini Unguja

Narudi kwa ufupi kumjibu Mkandarasi, kwa sababu hofu zake mbili ni za kweli.

Ujira wa kujikimu haupimwi kwa idadi ya watoto wa fulani. Hupimwa kwa familia ya kawaida ya pahala, na kiasi kinachopatikana kinakuwa kimoja kwa kila afanyaye kazi hiyo, aliyeoa na asiyeoa. Kwa hiyo hutalazimika kuwalipa tofauti vijana wako wa zege, wala hutakuwa na sababu ya kumkimbia mwenye watoto.

Kuhusu kupotea kwa ajira, jambo hili limechunguzwa. Mwezi Aprili 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima chake cha chini kutoka dola 4.25 hadi dola 5.05 kwa saa, na wachumi David Card na Alan Krueger wakailinganisha mikahawa ya huko na ya jimbo jirani la Pennsylvania ambako kima hakikupanda. Hawakuona ajira zikipungua kama ilivyotabiriwa. Card alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na wengine wawili. Sitaki kulibebesha jambo hili zaidi ya uwezo wake. Ongezeko lile lilikuwa la kiasi, na wafanyakazi wetu wengi hawana hata mkataba wa maandishi. Lakini kauli kwamba kila ongezeko humtoa mtu kazini haiwezi kusemwa tena kama vile imekwisha kuthibiti. Hapa kwetu, mwezi Aprili 2017, kima cha chini cha watumishi wa Serikali ya Mapinduzi kiliongezwa kutoka shilingi 150,000 hadi 300,000. Ujira uliohitaji kuongezwa maradufu kwa siku moja ulikuwa umekwisha kuachwa nyuma sana na bei za soko, na waliolipa tofauti hiyo katika miaka ya katikati ni wenye maduka na ndugu wa wafanyakazi.

Mkandarasi, Fuoni

Hoja ya kwamba siku yake nimeichukua mimi imenifika, na sina jibu lake. Nabaki na moja. Mimi hulipwa na mwenye jengo baada ya miezi, na hutakiwa nishushe bei yangu ili nipate kazi. Wanaonishindanisha na wenzangu kwa bei ya chini kabisa nao wameshika sehemu ya ujira wa vibarua wangu, na wao hawatajwi. Wajibu ukisemwa, usemwe mpaka kwao.

Bi Mwenye Nyumba, Jambiani

Nawashukuru nyote, na zaidi dada yangu wa Micheweni, ambaye maneno yake kuhusu kusimama mlangoni yamenikosesha usingizi.

Baada ya kuwasoma nilikaa na vitabu vyangu vya hesabu kwa siku mbili. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba sina uwezo, bila ya kupiga hesabu. Niliyoyakuta ni kwamba mawakala wa mtandaoni wanaoniletea wageni hukata sehemu yao katika kila usiku unaolipiwa, na kwa mwaka mzima makato hayo yanazidi nyongeza ambayo wafanyakazi wangu wote sita wangelihitaji. Makato yale nimeyalipa miaka yote bila ya kuuliza kama ni wajibu au ni hisani. Niliyahesabu kuwa gharama ya kupata mgeni. Mashuka safi nayo ni gharama ya kumpata mgeni, na wala sikupata kuyahesabu hivyo.

Nilikwenda pia sokoni mwenyewe nikauliza bei za mchele, mafuta, unga na samaki wadogo, nikaongeza kodi za huku na nauli za skuli, nikagawa kama alivyoeleza Mzee Ofisa. Kiasi nilichopata siwezi kukifikia chote mwaka huu. Nitaongeza sehemu kubwa yake kuanzia Julai, wageni wanapoanza kuwa wengi, na sehemu iliyobaki mwakani, na yote mawili yataandikwa kwenye mkataba ili yasitegemee moyo wangu siku hiyo umeamkaje. Bei ya chumba nitaipandisha kidogo. Masika mshahara utaendelea, na kazi za kupaka rangi, kushona vyandarua na kupaka mbao mafuta, ambazo nilikuwa nikiwapa watu wa nje, zitafanywa miezi hiyo na watu wangu, likizo zao nazo ziingie hapo kwa malipo.

Kuhusu lile deni la dukani, nilitamani kwenda kulilipa kimya kimya, kisha nikaona kwamba ningekuwa nimeingia tena katika siri ya nyumba ya mtu bila ya kuitwa. Nimeliacha kama lilivyo, na sitamwambia kamwe kwamba niliuona ukurasa wake. Mikataba mipya tutaitia saini tarehe 1 Julai, inshaallah. Nimemwomba kaka yangu aje awe shahidi, na amekubali.